Bonareri wa Maduka Manane

Suna, Migori
Jumapili, 4 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako Robi, ambaye kwa neema ya Mungu ana afya, anakula vizuri, na hajakonda vile Pauline anavyotangaza. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limepoa, na Baba ameacha kukohoa. Mwambie ile dawa ni kijiko asubuhi na kijiko jioni, si ya kunywa akikumbuka. Je, mahindi ya shamba la chini yameota? Huku mvua imetunyeshea mpaka tumeichoka, lakini najua huko Ntimaru mlikuwa mnaiombea, kwa hivyo sitalalamika.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu unayo. Mama, tusidanganyane. Simu yako ukiipokea unaiweka sauti ya nje, na kabla sijamaliza kusalimu nasikia jirani naye ananijibu. Haya ninayoandika ni yako. Vaa miwani, keti, usome mwenyewe.

Kwanza nikusahihishe kidogo. Nimesikia ulisimama kanisani ukasema kwamba mimi ndiye ninayewasha intaneti ya Migori nzima. Nilicheka mpaka machozi. Mimi ni fundi wa mtandao wa maduka ya Mzee Abdinasir, maduka manane ya vifaa vya ujenzi na vya uvuvi, kuanzia Muhuru Bay kule mpakani hadi Homa Bay mjini. Ni mengi, lakini si Migori nzima. Acha nikueleze kazi yenyewe, ili siku nyingine ukijivuna ujivune sawasawa. Na usiseme najisifu. Najisifu kweli, na leo nina haki, angalau kwa sehemu kubwa ya barua hii.

Kila duka lina kisanduku kidogo, kama redio isiyo na sauti, kinachopitisha habari zote: risiti zinazotoka, bei zinazobadilika, picha za kamera, simu za mameneja. Zamani kila kisanduku kilikuwa na akili yake. Amri zake ziliandikwa ndani yake, na ukitaka kubadilisha neno moja lazima ukifikie chenyewe. Mzee akisema risiti zipite kabla ya picha za kamera, mimi nilipanda pikipiki. Jumanne Magunga, Jumatano Mbita, Alhamisi Sori. Nikifika duka la nane, la kwanza limeshahitaji kitu kingine. Na hakuna visanduku viwili vilivyofanana, maana kila fundi aliyenitangulia aliandika kwa mtindo wake na akaondoka bila kumwambia mtu.

Mwezi wa kwanza nilimwendea Mzee nikamwomba tuhamie mtindo mpya, mtandao unaoongozwa kwa programu. Alinisikiliza huku chai yake ikipoa. Akaniuliza kama atauza saruji nyingi zaidi. Nikamjibu kwamba hapana, ila hataacha kuuza kwa sababu ya kebo iliyokatika Rongo. Akafikiri. Akasema hataweka ndani ya maduka yake kitu ambacho mtu mmoja tu anakielewa, kwa sababu yule mtu akiolewa Mwanza, maduka yatabaki na nani? Akanipa sharti: nikawaeleze mameneja wake wote. Wakielewa, atanunua. Wasipoelewa, nisilete tena habari hiyo mezani kwake.

Mikutano yetu huwa Jumatatu, maana Ijumaa ni ya Mzee na msikiti wake, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni yetu sisi wengine. Tulikutana Homa Bay, katika duka linaloongozwa na Fardowsa, binti yake Mzee, mwanamke mwenye maswali makali kuliko mahakama. Nilikuwa nimejiandaa na picha ukutani, mishale ya rangi tatu, na Kiingereza changu chote cha chuo. Nikaongea dakika ishirini. Mmoja alikuwa anang'oa uzi wa shati lake. Nilipouliza kama kuna swali, ni Mzee Zablon peke yake aliyeinua mkono.

Huyu Zablon ndiye meneja wa Muhuru Bay. Ni mzee wa miaka hamsini na minane, Msabato, hapigi kelele, na amefanya kazi kwa Abdinasir tangu duka lilipokuwa moja. Akauliza, kwa upole kabisa, kama namaanisha kwamba kile kisanduku cha dukani kwake sasa kitakuwa mjinga. Watu wakacheka. Nami nikageuka kutazama mishale yangu ukutani, kwa sababu swali lilikuwa sawa.

Hapo ndipo nikakukumbuka wewe. Nikazima picha zangu, nikawaambia wasahau mishale, niwasimulie arusi ya dada yangu Pauline.

Nikawaeleza jinsi tulivyoweka sehemu sita za kupakulia chakula, na kila mpakuaji akawa anaamua mwenyewe nani ale nini. Vijana wa hema la nyuma wakala mapaja, na wakwe kutoka Rongo wakaletewa mchuzi na shingo. Nikawaeleza jinsi ulivyotoka jikoni, ukachukua kiti cha plastiki, ukakiweka pale juu karibu na tangi la maji mahali unapoona mahema yote, ukakaa. Ukawatuma wasichana wawili na maneno: hema la wakwe kwanza, sehemu ya tatu ipeleke wali kwa ya tano, huyu mwenye kofia ameshakula mara mbili. Wapakuaji wakaacha kuamua. Kazi yao ikawa kupakua tu, na wakapakua haraka kuliko mwanzo, kwa sababu hakuna aliyekuwa anabishana na mgeni. Mikono ilibaki yao, uamuzi ukawa wako, maana wewe ndiye uliyeona kila kitu.

Nikamgeukia Mzee Zablon, nikamwambia kisanduku chake hakitakuwa mjinga, kitakuwa mpakuaji. Na kwenye kile kiti itakaa kompyuta moja hapa Suna, inayoona maduka yote manane kwa pamoja. Kebo ya Rongo ikikatika, itatuma habari zipite njia nyingine kabla meneja hajajua. Nikitaka kubadilisha amri, naiandika mara moja, maduka yote yanaipata.

Ungewaona. Waliamka. Mmoja akauliza itakuwaje yule mama wa kwenye kiti akienda msalani. Nikasema wapakuaji wanaendelea na neno la mwisho walilopewa, hawaachi masufuria wakakimbia. Fardowsa akauliza swali ambalo sitalisahau: na yule mama akikosea? Mpakuaji akikosea, hema moja linalala njaa. Mama wa kwenye kiti akikosea, ni arusi nzima. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba akikosea, anasahihisha kutoka hapo hapo kwenye kiti, kwa neno moja. Wakapiga makofi. Mzee akauliza jina la mama yangu, nikamwambia Bonareri. Akaagiza vifaa wiki hiyo hiyo.

Tangu siku ile, Mama, ile kompyuta inaitwa Bonareri. Si mimi niliyeipa jina, ni mameneja. Asubuhi wananipigia kuniuliza kama Bonareri ameamka. Greda la barabara lilipokata kebo karibu na Magunga, meneja wa huko aliuza mabati mpaka jioni bila kujua, habari zake zikipitia laini ya simu. Nilipomweleza, akasema mwambie Bonareri asante. Sasa nakuambia. Katikati ya mwezi wa nne Mzee akanipandisha cheo, nikawa mkuu wa mtandao, na nilipokupigia uliiweka ile sauti yako ya nje na kijiji kizima kikapiga vigelegele.

Siku nane baadaye, Alhamisi tarehe ishirini na nne, Bonareri alifunga maduka yote manane.

Ilikuwa saa tisa mchana, foleni zimejaa kwa sababu ya watu wa sikukuu waliorudi kumalizia ujenzi. Mvua ilikuwa imetoka kupita, na radi zake. Kwa ghafla hakuna duka linaloweza kutoa risiti, na pasipo risiti mzigo hautoki. Muhuru Bay kulikuwa na watu wa mashua wanaosubiri vipuri vya injini. Homa Bay lori la saruji lilikuwa nusu limepakiwa. Ilinichukua karibu saa mbili kuyafungua maduka, moja baada ya jingine, nikiwa kwenye simu na kila meneja akinisomea namba iliyobandikwa chini ya kisanduku. Mzee akapanda ngazi hadi ofisini kwangu, akasimama mlangoni, akauliza nini kimetokea. Nikamwambia bado naangalia. Akauliza ni duka lipi lililozimika kwanza. Nikasoma kwenye kompyuta: Muhuru Bay.

Unajua nilikuwa nimebandika karatasi juu ya kila kisanduku, kwa herufi kubwa, kwamba kisizimwe. Mzee akampigia Zablon, na Zablon hakuficha. Akasema ndiyo, radi ilianza, akachomoa kila kitu ukutani kama anavyofanya siku zote. Basi ikawa ni Zablon. Watu wakasema tangu mwanzo alikuwa anakidharau kile kisanduku. Mzee akamwambia ampe msaidizi wake funguo, akae nyumbani hadi mkutano wa Jumatatu, na siku hiyo ataamuliwa kama anaendelea na kazi au la. Miaka ishirini na mitatu, Mama. Jumamosi alikwenda kanisani kwake, na watu wote wa Muhuru wanajua hana funguo.

Jumatatu tukakutana tena Homa Bay. Kabla Mzee hajasema lolote, Fardowsa aliuliza ni nani mwingine aliyechomoa kisanduku siku ya Alhamisi. Kisha mkono wa Mbita ukainuka, ukafuata wa Magunga, na mwishowe wote wanane walikuwa wameinua, hata wa hapa Suna aliye chini ya ofisi yangu. Nikasimama. Nikawaambia kosa si la Zablon, ni langu. Niliandika amri kwamba kisanduku chochote kikinyamaza dakika tano kihesabiwe kimeibiwa, na kikirudi kizuiwe mpaka mimi nikubali. Ndivyo nilivyofundishwa Nairobi, mahali ambapo kisanduku hakizimwi mwaka mzima. Huku ziwani radi ikilia kila mtu anachomoa, na ana haki, kwa sababu radi ya huku inaua. Maduka manane yalichomoa, maduka manane yakarudisha, na Bonareri akawazuia wote kama wezi. Nikawaambia nimelitafuta kosa hilo siku nne, nimelipata Jumapili jioni.

Wakapiga makofi kuliko ile mara ya kwanza. Mzee Abdinasir akasema tangu aanze biashara hajawahi kuona mfanyakazi akimletea kosa lake mwenyewe bila kuvutwa. Akaniachia cheo. Akanipa adhabu moja tu, nimrudishie Zablon funguo kwa mkono wangu, dukani kwake, mbele ya wafanyakazi. Nilikwenda kesho yake. Zablon alizipokea, akaniita nyathina, yaani mtoto wangu, kisha akavuta viti viwili tukaketi nyuma ya kaunta. Akanifundisha mvua inavyotembea: inatoka upande wa ziwa, inaanza kwake, inafuata Sori, inazunguka Mbita na Magunga, inamalizia Homa Bay. Nikiwa hapo hapo nikaandika amri mpya, kwamba kisanduku tunachokijua kikirudi kikaribishwe, na kigeni tu ndicho kizuiwe. Dakika moja, maduka yote yakaipata. Na zile karatasi zangu za herufi kubwa, Mzee Zablon aliichana ya kwake mbele yangu, nami nikawaambia wengine wachane zao. Jumatano radi ikarudi, kubwa kuliko ya kwanza. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikaona visanduku vikizimika kimoja kimoja kwa mpangilio ule ule alionitajia, kisha vikarudi kimoja kimoja, na hakuna meneja hata mmoja aliyenipigia. Sijawahi kufurahia simu isiyolia namna hiyo.

Hapa ningemaliza barua, Mama, na ungekuwa na la kusema kanisani mwaka mzima.

Lakini aliyekuletea barua hii ni Caleb, dereva wetu, na amekuletea pia kifurushi cha magazeti kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ni samaki. Ni obambla, ngege waliopasuliwa na kuanikwa juani, na ni Mzee Zablon aliyewachagua mmoja mmoja. Aliniambia nikupe wewe. Akasema anamshukuru mama aliyelea mtoto asiyejua kusema uongo.

Kifurushi hicho kimekaa nyumbani kwangu siku tano. Nimeshindwa kukituma peke yake.

Hayo ya siku nne nimekuandikia vile nilivyowaambia wao. Si kweli. Sikutafuta siku nne. Nilijua siku ile ile ya Alhamisi, hata dakika kumi hazijaisha. Nilifungua kompyuta nikaona majina manane mekundu, na pembeni amri yangu mwenyewe, na saa na dakika. Nikasikia radi ya mwisho inaondokea upande wa Rongo, na nikakuona wewe, Mama, unachomoa redio, unafunika kioo cha ukutani kwa leso, unatuambia tukae mbali na mlango. Nimekulia katika nyumba hiyo. Hakuna mtu wa Nairobi angejua, lakini mimi nilipaswa kujua, na hilo ndilo lililoniaibisha. Nilikuwa na cheo cha siku nane.

Basi Mzee Abdinasir alipouliza ni duka lipi lililozimika kwanza, nilisoma kilichoandikwa. Hakuna neno la uongo katika jibu hilo. Nilimtajia Muhuru Bay nikanyamaza, na kunyamaza huko kukamnyang'anya mzee wa watu funguo. Alhamisi usiku nikajiambia nitasema Ijumaa. Ijumaa nikajiambia Mzee yuko msikitini. Jumamosi nikamfikiria Zablon kwenye benchi la kanisa nikashindwa kula, lakini sikusema. Na Jumatatu, ukweli wenyewe ni kwamba sikusimama kabla ya ile mikono minane kuinuka. Nilisimama baada ya kuiona. Nilijua Fardowsa yuko hatua moja tu kunifikia. Wakanipigia makofi kwa ukweli ambao ulikuwa umebakiza dakika mbili ugunduliwe.

Bado najivunia ile kazi, na usiniambie nisijivunie, kwa sababu ni nzuri na inafanya kazi. Najivunia kwamba mameneja wanane wanaweza kukueleza mtandao wao kwa maneno yao. Ninachoshindwa ni kubeba shukrani ya mtu niliyemwacha aibike, na zaidi nashindwa kukuacha wewe uichemshe ukaila bila kujua.

Kesho Jumatatu asubuhi naenda Muhuru Bay. Sitampigia, nitakwenda. Nitamwambia Mzee Zablon kila kitu, kisha nirudi nimwambie Abdinasir, na cheo kama kitaondoka na kiondoke. Kwa hivyo nakuomba, Mama, usiwapike kwanza. Wamekaushwa vizuri, hawataharibika. Watundike jikoni mahali paka hafiki. Akisema ule, nitakupigia, na siku hiyo weka sauti ya nje kadiri utakavyo. Akisema warudi, nitakuja Ntimaru mimi mwenyewe kuwachukua, nisimtume Caleb, na utanitazama usoni nikiwafunga.

Nisalimie Baba, umwambie ile dawa. Msalimie Pauline na watoto, na jirani pia, ambaye najua anakuuliza barua inasema nini. Mungu akupe nguvu za goti na usingizi mzuri. Nakupenda, na nakuogopa kidogo kwa majibu yako.

Ni mimi binti yako, anayejua kusema uongo ila hajauzoea,

Robi Wangwe